Kadi ya michoro yenye vichakataji viwili: mambo ya kujua kabla hujatoa pesa

Kila msimu wa kahawa unapokaribia mwisho na pesa kuanza kuonekana mikononi mwa watu, huja swali moja kutoka kwa vijana wa Tunduma, Vwawa na Mlowo. Linakuja kwa maneno tofauti, lakini maana yake ni ile ile: kompyuta yangu inakwama kwenye gemu kubwa, nimeonyeshwa kadi ya michoro ya mtumba yenye vichakataji viwili na memori ya GB 8, je, ninunue?

Jibu letu fupi ni kwamba kwa wengi wenu, hapana. Jibu refu linahitaji maelezo, kwa sababu kadi hizi si feki wala si mbaya kwa asili. Miaka kumi na zaidi iliyopita zilikuwa kati ya kadi za gemu za bei ya juu kabisa duniani. Tatizo ni kilichotokea baada ya hapo, na jinsi mambo hayo yanavyomwangukia mtu anayenunua leo huku kwetu Songwe.

Tuanze na simu yako

Hata kama hujawahi kumiliki kompyuta, kichakataji cha michoro unacho tayari. Kimo ndani ya simu yako. Ukicheza mpira kwenye simu na mgongo wa simu ukaanza kupata moto, hicho ndicho kinachofanya kazi. Kazi yake ni kuchora picha nyingi kwa haraka sana, picha 30, 60 au zaidi kwa kila sekunde, mpaka jicho lione mwendo. Kila picha moja huitwa fremu. Fremu zikishuka chini ya 30 kwa sekunde, mchezaji anaona mwendo unakatika-katika, na ndipo watu husema gemu inakwama.

Kwenye kompyuta ya mezani iliyoandaliwa kwa gemu, kazi hiyo hupewa kadi nzima peke yake, yenye kichakataji chake, memori yake na feni zake. Kadi huchomekwa kwenye madabodi, na monita huunganishwa kwenye kadi hiyo.

Sasa, watengenezaji walijiuliza: badala ya kichakataji kimoja, kwa nini tusiweke viwili kwenye kadi moja? Kampuni ya ATI ilifanya hivyo mwaka 1999 kwa kadi ya Rage Fury MAXX, na 3dfx ikafuata mwaka 2000 kwa Voodoo5 5500. Mtindo huo ulifika kilele kati ya mwaka 2008 na 2014. Majina utakayokutana nayo kwenye soko la mitumba ni ya kipindi hicho: GeForce GTX 295, Radeon HD 5970, HD 6990, GTX 590, GTX 690 ya mwaka 2012, HD 7990 ya mwaka 2013, kisha R9 295X2 na GTX Titan Z za mwaka 2014. Kadi ya GTX 690 ilipotoka ilikuwa dola 999. Titan Z ilikuwa dola 2,999. Kwa hiyo muuzaji anapokwambia kwamba hii ilikuwa kadi ya matajiri, hakudanganyi.

Mchi miwili, kinu kimoja

Wengi hudhani vichakataji viwili hushirikiana kuchora picha moja kwa nguvu mara mbili. Mara nyingi sivyo. Njia iliyotumika zaidi ni kupokezana: hiki kinachora fremu ya kwanza, kile kinachora ya pili, hiki ya tatu, na kuendelea hivyo. Ni kama akina mama wawili wanaotwanga kwenye kinu kimoja. Mmoja akiinua mchi, mwenzake anashusha. Wakienda kwa mapigo sawa, unga unapatikana upesi. Mapigo yakipotea, mchi hugonga mchi.

Kwenye kadi, mapigo hayo hupangwa na draiva, yaani programu inayounganisha kadi na Windows. Na hapa ndipo penye siri ya jambo zima: draiva ilihitaji maelekezo ya gemu moja moja. Gemu mpya ikitoka, wahandisi wa Nvidia au AMD walikaa chini na kuandaa maelekezo ya namna vichakataji vitakavyopokezana ndani ya gemu hiyo. Maelekezo yakikosekana, kichakataji cha pili kinakaa tu, kinasubiri kazi isiyokuja.

Hata maelekezo yalipokuwepo, mapigo yalikuwa yanapotea. Fremu mbili zinakuja karibu sana, ya tatu inachelewa, halafu mbili tena. Kipimo kinaonyesha fremu 60 kwa sekunde lakini jicho linaona kama 35. Malalamiko yalikuwa mengi kiasi kwamba Agosti 2013, miezi michache tu baada ya HD 7990 kuingia sokoni, AMD ilitoa draiva ya majaribio iliyolenga kusawazisha mapigo hayo.

Jambo jingine ni memori, na hapa ndipo wanunuzi wengi huumizwa. Kadi ya R9 295X2 huandikwa GB 8. Ukweli ni kwamba kila kichakataji kina GB 4 zake, na vyote viwili vinahifadhi vitu vile vile. Fikiria wanafunzi wawili wanaonakili somo moja, kila mmoja kwenye daftari lake la kurasa 40. Hawawezi kusema wana daftari la kurasa 80, kwa sababu somo la kurasa 60 halitaingia kwa yeyote kati yao. Kwa hiyo ukiona namba kwenye tangazo, igawe kwa mbili. GTX 690 iliyoandikwa GB 4 ihesabu kuwa GB 2. HD 7990 ya GB 6 ni GB 3. Titan Z ya GB 12 ni GB 6.

Mapigo yalivyokoma

Mwaka 2015 Microsoft ilileta DirectX 12 pamoja na Windows 10. Ndani ya mfumo huo, kazi ya kupanga vichakataji viwili ilihamishwa kutoka kwa watengenezaji wa kadi kwenda kwa watengenezaji wa gemu wenyewe. Na watengenezaji wa gemu walitazama idadi ya wateja wenye kadi za aina hiyo, wakaona ni wachache mno, wakaacha. Hatuwalaumu. Hakuna fundi atakayetengeneza kiti cha watu wawili kwa ajili ya mteja mmoja kati ya mia.

Nvidia nayo ilitangaza kwamba kuanzia tarehe 1 Januari 2021 haitaandaa tena maelekezo mapya ya gemu kwa mfumo wake wa kuunganisha vichakataji, unaoitwa SLI. Mwaka huo huo wa 2021 ikaacha kutoa draiva mpya za gemu kwa familia ya kadi ambamo GTX 690 na Titan Z zimo. AMD, Juni 2021, ikaziweka HD 7990 na R9 295X2 kwenye kundi la kadi za zamani zisizopata tena draiva mpya za kawaida. Hata Radeon Pro Duo ya mwaka 2016, kati ya kadi za mwisho za aina hii kuuzwa kwa wachezaji, iliingia kundi hilo.

Maana yake kwa mnunuzi ni hii: kwa gemu mpya, kadi ya vichakataji viwili ni kadi ya kichakataji kimoja cha zamani, iliyobeba mwenzake mgongoni.

Gemu gani unataka kucheza?

Hili ndilo swali la kwanza tunalomrudishia kila anayetuuliza. Kadi hainunuliwi kwa sifa zake bali kwa gemu.

Kama gemu ni GTA V ile ya kompyuta iliyotoka Aprili 2015, kadi ya vichakataji viwili iliyo nzima inaweza kuifanya kazi vizuri, kwa sababu ilitoka wakati maelekezo bado yanaandaliwa. Crysis ya mwaka 2007, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ndiyo kipimo cha kompyuta yenye nguvu, hali kadhalika. Lakini tazama: kiwango kilichopendekezwa kwa GTA V hiyo ni kadi moja tu ya GTX 660 yenye GB 2. Huhitaji mbili.

Chukua upande wa pili Cyberpunk 2077, gemu nzito kweli kweli. Tangu mwaka 2023 kiwango chake cha chini kabisa ni kadi ya GTX 1060 yenye GB 6 au RX 580 yenye GB 8, pamoja na memori ya kompyuta GB 12 na diski ya SSD yenye nafasi ya GB 70. Rudi kwenye hesabu ya daftari. GTX 690 yenye GB 2 za kweli haifiki hata nusu ya memori inayotakiwa. R9 295X2 yenye GB 4 haifiki pia, ingawa tangazo lake linasema 8. Kijana anayelinganisha namba 8 ya tangazo na namba 6 ya gemu ataona amevuka, kumbe amebaki nyuma.

Na kwa wale wanaopenda Euro Truck Simulator 2 (kwetu Tunduma, mji wa foleni za malori, tunaelewa mapenzi hayo yanatoka wapi), gemu hiyo hutegemea sana kasi ya kichakataji kikuu cha kompyuta. Kuongeza kichakataji cha pili cha michoro hakutakusaidia kupita mzani haraka.

Umeme: hesabu ambayo muuzaji hakupi

Kadi ya GTX 690 imepangiwa wati 300. HD 7990 wati 375. R9 295X2 wati 500, peke yake, kabla hujahesabu kompyuta yenyewe na monita.

Tufanye hesabu ya R9 295X2. Kadi wati 500, vingine vyote tuseme wati 200. Jumla wati 700. Ukicheza saa 4 kwa siku, ni uniti 2.8. Kwa siku 30 ni uniti 84. Sasa, mteja wa TANESCO wa nyumbani aliye kwenye kundi la matumizi madogo ana kikomo cha uniti 75 kwa mwezi. Gemu peke yake imeshavuka kikomo hicho, bado taa, redio na pasi. Na ukihamishwa kwenda kundi la matumizi ya kawaida, bei ya uniti moja inakuwa karibu mara tatu ya ile uliyozoea, kwa umeme wote wa nyumba. Mama mwenye nyumba ataona tokeni zinaisha na hatajua ni kwa nini.

Linganisha na kadi ya GTX 1060 inayotumia wati 120. Pamoja na kompyuta na monita tuseme wati 250. Saa 4 ni uniti 1. Mwezi mzima ni uniti 30. Na kwa gemu nyingi, kadi hii moja inaishinda GTX 690 yenye vichakataji viwili.

Kwa wanaotumia sola vijijini, jambo hili ni wazi zaidi. Paneli ya wati 300 kwenye jua zuri hutoa uniti 1 hadi 1.5 kwa siku, na sehemu yake hupotea kwenye betri na kibadilisha umeme. Mfumo wa taa na televisheni hauwezi kubeba wati 700 hata kwa dakika chache. Jenereta ndogo ya wati 650 nayo isijaribiwe. Wala usitegemee UPS ya kawaida ya VA 650, kwa sababu nyingi hutoa chini ya wati 400. Umeme ukikatika katikati ya gemu, UPS itazidiwa na kuzima papo hapo, kana kwamba haikuwepo.

Je, itaingia kwenye kompyuta yako?

Kompyuta nyingi za mezani zinazouzwa hapa ni mitumba ya ofisini, hasa Dell OptiPlex na HP. Ni mashine imara na hatuna ubaya nazo. Lakini pawa saplai zake mara nyingi ni za wati 240 hadi 300, na nyingi hazina plagi za ziada za kulisha kadi ya michoro. Nafasi ya kuchomeka kwenye madabodi hutoa wati 75 tu. Kadi za vichakataji viwili tulizozitaja, kuanzia GTX 690 hadi R9 295X2, zinataka plagi mbili za pini 8. Hapo itabidi ununue pawa saplai nyingine kubwa, na kwenye mashine hizo za ofisini mara nyingi haiingii kwa sababu umbo na plagi zake ni tofauti. Ukishabadilisha pawa saplai, kasha na madabodi, umenunua kompyuta mpya kwa ajili ya kadi ya mwaka 2014.

Usikubali waya wa kuunganisha unaogeuza plagi za diski kuwa plagi ya pini 8 kwa kadi ya ukubwa huu. Waya huo hupata moto, na moto ndani ya kasha lenye vumbi ni jambo la nyumba kuungua.

Urefu nao upimwe. HD 7990 na R9 295X2 zina zaidi ya sentimita 30, urefu wa rula ya shule. R9 295X2 tena ina pampu na rejeta ya kupozea kwa kimiminika, inayofungwa ukutani mwa kasha. Mfumo huo umefungwa kiwandani na hauongezwi maji kama rejeta ya gari. Baada ya zaidi ya miaka kumi, pampu ikichoka, kadi inachemka na kuzima. Baridi ya Tunduma mwezi wa Juni inaweza kuficha ugonjwa huo kwa muda. Ukiipeleka kadi hiyo Kamsamba bondeni mwezi wa Oktoba, utaujua.

Basi ninunue ipi?

Kama una mashine ya ofisini na hutaki kubadilisha pawa saplai, tafuta kadi inayoishi kwa wati 75 za madabodi: GTX 1050 Ti au GTX 1650, zote za GB 4. Matoleo mengi ya kadi hizi hayana plagi ya ziada, lakini mengine yanayo, kwa hiyo itazame kadi yenyewe na si jina lake tu. Kwa kasha jembamba, uliza toleo fupi. Hizi zitacheza gemu nyingi kwa kiwango cha chini au cha kati.

Kama una pawa saplai nzuri ya wati 450 au 500 yenye plagi ya pini 8, RX 580 ya GB 8 au GTX 1660 Super ya GB 6 ndizo tunazoziona zenye faida kwa mtu wa kipato cha kawaida. Kati ya hizo tunaipendelea GTX 1660 Super: inatumia wati 125 tu wakati RX 580 inatumia 185, na ni ya kizazi kipya zaidi. GTX 1060 bado ni kadi nzuri, lakini Nvidia ilipanga Oktoba 2025 kuwa mwisho wa draiva mpya za gemu kwa familia yake, kwa hiyo isinunuliwe kwa bei ya kadi mpya. Kwa RX 580, angalia isiwe toleo lenye maandishi 2048SP. Hilo lina nguvu pungufu ingawa jina ni lile lile.

Yuko bado anayetaka kadi ya vichakataji viwili kwa sababu anaipenda, au kwa gemu za zamani tu. Hatumzuii. Alipe bei ya nusu ya kadi, kwa sababu nusu ndiyo itakayofanya kazi.

Namna ya kuipima dukani

Usilipe kabla hujaiona kadi ikifanya kazi ndani ya kompyuta. Mwombe muuzaji afungue programu ya bure inayoitwa GPU-Z. Inaonyesha jina halisi la kichakataji, memori na joto. Kuna kadi za zamani ambazo watu wameziandika upya ndani kwa ndani zijitambulishe kama GTX 1050 Ti au 1060, na GPU-Z hugundua nyingi kati ya hizo na kuandika neno FAKE kabla ya jina. Kwa kadi ya vichakataji viwili, programu hiyo iwe inaorodhesha vichakataji viwili. Ikionyesha kimoja, cha pili kimekufa.

Kisha gemu iachwe icheze nusu saa nzima. Dakika tano hazitoshi. Tazama joto likipanda: likiganda kwenye nyuzi 80 na kidogo, ni kawaida kwa kadi nyingi. Likiendelea kupanda kupita 90, au picha zikatoka na madoa na mistari ya rangi, irudishe mezani kwa muuzaji.

Ukinunua Nakonde, bei ya kwacha inaweza kuvutia, lakini uliza kwanza kama muuzaji atapokea kadi ikirudi wiki ijayo, maana kumfuata ng'ambo kwa kadi iliyokufa ni safari ya kuchosha. Chukua risiti na upite nayo forodhani kwenye kituo cha pamoja cha mpakani. Ukiagiza kutoka Kariakoo, mwambie muuzaji aichomoe kadi na kuifunga peke yake kwenye boksi lenye sponji. Ni zaidi ya kilomita 900 hadi Tunduma, na kadi nzito ikiachwa imening'inia ndani ya kompyuta kwenye buti la basi, inaweza kufika imevunja sehemu ya madabodi ilipochomekwa.